Baba Alivyotaka Kuosha Damu ya Mdogo Wangu

Baba yangu ameosha dhahabu kwenye mialo ya wachimbaji karibu na Bugarama tangu sijazaliwa, na kwake hakuna kitu kichafu kisichosafishika. Sijui daktari wa mdogo wangu angejuaje hilo alipomtajia baba habari za rangi inayoua saratani.

Mdogo wangu alikuwa na saratani ya damu. Dawa alizopewa Mwanza zilimsaidia kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi. Baba akauliza kama hakuna njia nyingine. Daktari, mtu wa huruma, akasema watafiti wa nje wamewahi kuutoa uboho kwenye mifupa ya mgonjwa, wakautia rangi inayong'ang'ania seli za saratani, wakaumulika kwa mwanga. Seli zenye rangi zinakufa, uboho unarudishwa mwilini. Akaongeza kwamba huku haifanyiki, na kwamba mdogo wangu alikuwa amedhoofika mno. Hayo ya mwisho baba hakuyasikia.

"Ni kama zebaki," aliniambia kwenye basi, uso umechangamka. "Zebaki inashika dhahabu, moto unamaliza kazi. Basi rangi ishike, jua limalize."

Tangu hapo, kila asubuhi alichemsha maua ya rozela mpaka ikawa nyekundu kweli kweli, akamnywesha mdogo wangu, kisha akambeba hadi uani na kumlaza juani. Mfa maji haachi kutapatapa, najua, lakini nilikasirika. Nilimwambia mdogo wangu nitamweleza baba ukweli, aache kumbabua bure.

"Dada, usimwambie," akasema. "Akishaniosha, anapata usingizi."

Nikawa nachemsha rozela mwenyewe, na sukari niliijaza kwa sababu alipenda hivyo.

Mvua zilipoanza, jua likapotea. Asubuhi moja mdogo wangu hakuweza kumeza tena. Baba akatazama mawingu, akayatukana kwa Kisukuma, kisha akaingia ndani na kuvaa taa ya kichwani aliyobaki nayo tangu enzi za kushuka shimoni. Akaketi kitandani, akammulika kifuani.

"Vumilia, mayu," akamwambia, kama anavyotuita sisi binti zake. "Inakaribia kuisha."

Pumzi ilikatika kabla ya adhuhuri. Niliinama, nikamfumba macho mdogo wangu, nikamwambia baba azime taa.

"Sogea hapo," akasema. "Unaziba mwanga."