Kamba Iliyopungua Vidole Vinne

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili bado hunikaba koo. Nikiinusa popote, hata kwa mtu anayekata nyasi kwa mashine, narudi moja kwa moja kwenye ploti yetu ya Riruta, Nairobi, pale uani kati ya nguo zilizoanikwa na mfereji wa maji, ambapo baba alijaribia injini za mashua ndani ya pipa. Ndiyo, injini za mashua, Riruta! Majirani walimcheka mpaka wakachoka. "Fundi, ziwa liko wapi?" Karakana yake ilikuwa Kabiria, karibu na hapo, lakini yeye ni mtu wa Busia, na watu wa kwao ziwani walimletea kwa basi injini zilizogoma kwa kuwa hawakumwamini fundi mwingine.

Likizo moja ya Agosti, nikiwa msichana wa miaka kumi, dada mkubwa wa baba, Shangazi Rispa, alikuja mwenyewe kuchukua injini ya mashua yake mpya. Alibeba jogoo mwekundu, maana kwetu mtu haendi kwa nduguye mikono mitupu, na alibeba kamba ya katani. Kamba hiyo ilikuwa kipimo. Aliikata sawasawa na kimo cha ubao wa nyuma wa mashua, kutoka ukingo wa juu injini inaponing'inia hadi chini kabisa. Baba aliwaagiza hivyo wateja wote wa mbali: tepu mtu huisoma vibaya, kamba haisomwi. Akaitundika kwenye msumari mlangoni na kutuonya isiguswe. Mashua ile ingevusha akina mama na watoto wao kila siku ya soko, na nahodha alikuwa Shangazi, ambaye hakujua kuogelea. Alilisema hilo akicheka, mimi nikabaki nimetoa macho.

Kesho yake jogoo alikata uzi aliofungwa mguuni akaanza kurukia sufuria za watu. Nilipomkamata, mkono mmoja ukiwa na jogoo na mwingine ukipapasa, nikashika kamba iliyokuwa karibu, nikaikata kwa kisu, nikamfunga. Ole wangu! Nilipotambua nilichokata, nilimfungua yule mshenzi, nikaunganisha vile vipande kwa fundo kubwa na kuvirudisha msumarini. Fundo lilimeza vidole vinne vya kamba. Baba aliliona, akadhani ni la Shangazi.

Mchana ule alishikilia kamba kando ya mguu wa injini. Kile kibati bapa kilichokaa juu ya propela, alitueleza, kinatakiwa kiwe sawa na chini ya mashua. Injini ikishuka sana inaburuta maji. Ikipanda sana propela inanyonya hewa, injini inapiga kelele bure, mashua haisogei, na maji ya kuipoza hayaingii. Kwa kamba ile, mguu ulionekana mrefu kupita kiasi, basi akachonga kipande cha mbao cha kupigiliwa juu ya ubao wa mashua ili kuiinua injini vidole vinne. Shangazi alikuwa amechagua propela yenye mapanga yaliyopinda sana, ya mwendo mkali. Baba akampokonya. "Hii ni ya kukimbia bila mzigo. Wewe unabeba watu. Chukua hii ya mapanga yaliyolala, inasukuma polepole lakini haichoki."

"Yaani umenipea ya wazee?"

"Nimekupea ya kufika."

Nilicheka nao, huku nikilitazama lile fundo. Jumatatu baba aliishusha injini pipani na kuivuta kamba ya kuwashia. Ikanguruma, maji yakaruka hadi kwenye shuka za jirani, baba akapaza sauti, "Unasikia vile inaimba?" Kila mtu alifurahi. Mimi peke yangu nilijua kwamba pipa halina ubao wa nyuma, kwa hiyo haliwezi kufichua kosa la kipimo. Nilimwona Shangazi katikati ya mawimbi, injini ikipiga kelele na watoto wamemshika gauni. Mficha uchi hazai, walisema kanisani kwetu, na mimi niliendelea kuficha, mwoga mkubwa, mpaka injini ikafungwa kwenye gunia na Shangazi akavaa kitambaa chake kichwani.

"Baba, nilikata kamba."

Shangazi akaketi juu ya gunia. Baba akamwinua, akalifungua gunia na kuitwaa kamba msumarini. Alifungua fundo kwa meno, akapanga vipande viwili ncha kwa ncha kando ya mguu wa injini. Vikalingana sawa, bila haja ya mbao yoyote.

"Pipa likinguruma ulikuwa umesimama hapa?" baba aliniuliza.

"Ndiyo."

Akakiweka kando kile kipande cha mbao. Ningependelea anichape. Shangazi ndiye aliyesema, "Mwache. Amesema nikiwa bado nchi kavu."

Leo nafanya kazi Upper Hill, kwenye ofisi inayokagua lifti za majengo marefu. Vipimo huja kwa simu, na picha juu, na karibu kila kitu hufanya vizuri siku ya majaribio. Kabla sijatia sahihi huwauliza mafundi kama kuna aliyekata kamba. Wageni huona nimechanganyikiwa. Wengine hutazama viatu vyao, na hapo ndipo mimi huanza kukagua upya.

Shangazi amezeeka, na mashua sasa anaiendesha binti yake. Kila Krismasi bado anatuletea jogoo, amefungwa kwa kamba ndefu kupita kiasi. Hunikabidhi mimi, si baba.

"Shika, mama. Hii nimeacha na kipande cha kukata."