Walitaka Niseme Mume Wangu Kichaa

Walitaka niseme mume wangu hana akili timamu. Nikisema, nabaki kota. Nikikataa, natoka na mtoto wangu.

Mume wangu ni askari wa doria ya boti, kule Ruvuma inapoingia baharini. Majaketi yao ya kujiokolea yalishaoza ndani, sponji linanyonya maji. Alimwambia mkubwa wake, akaambiwa avumilie. Akarudia, akaambiwa mdomo utamponza. Basi alipokuja mkaguzi, majaketi yamefutwa vumbi na kupangwa vizuri, mume wangu alichukua moja akalitupa mtoni mbele ya wote. Likazama.

Kesho yake akaondolewa kwenye boti, akapelekwa kulinda matairi mabovu. Kisha wakaanza kueneza kwamba jamaa ana msongo, apimwe akili.

Ndipo mkubwa wake akaniita mimi ofisini. Nilikwenda na mwanangu mgongoni.

"Karibu, shemeji. Huyu bwana usiku analalaje?"

"Anakoroma, afande."

"Haongei peke yake?"

"Anaongea na redio, timu yake ikifungwa."

Karani wa mezani akacheka, akajifanya anakohoa.

"Shemeji, sisi tunamsaidia. Sema tu hayuko sawa. Atatibiwa, na nyumba mtabaki nayo."

"Na wenzake wa kwenye boti watatibiwa wakishazama?"

"Chunga mdomo wako!"

"Basi vaa wewe hilo jaketi, afande, twende mtoni. Ukielea, nasema mume wangu kichaa. Naapa kwa huyu mtoto."

Alinyanyua kidole akanionyesha mlango.

Tukatolewa kota. Wanawake niliokuwa nasukana nao nywele walichungulia kwenye mapazia. Mmoja tu alitoka, akajitwika godoro langu mpaka getini, mumewe akimwita arudi naye hageuki. Sitamsahau.

Sasa niko kwa mama yangu, kule Naliendele, namenya mihogo kwa hasira mpaka mama ananiambia, "We mtoto, utajikata." Mume wangu wamemhamishia mbali, anatupigia simu mtandao ukikubali. Hajaomba radhi, na asithubutu.

Majaketi mapya hayajaja. Ila yule mama wa godoro ananiambia siku hizi hakuna askari anayepanda boti pale kabla hajalitupa jaketi lake majini aone kama linaelea. Likizama, hapandi.

Wote hao wamekuwa vichaa? Wawapime basi. Na wake zao wawaite ofisini, mmoja mmoja.