Mstari wa Mlangoni na Fimbo ya Bi Mpili

Siku niliyoripoti kazini katika zahanati ya Kiranjeranje, mganga wa zahanati hakuniuliza cheti wala safari. Alinikabidhi kopo la rangi nyekundu na brashi, akaniambia nipime sentimita mia na hamsini kutoka sakafuni, kisha nipige mstari kwenye fremu ya mlango wa mbele. Lilikuwa agizo la Mganga Mkuu wa Wilaya kwa zahanati zote. Nikakunja mikono ya gauni, nikaanza kazi ya uuguzi kwa kupaka rangi.

Vijana wa leo mtacheka, lakini mstari ule ulikuwa jambo jipya na la maana. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na madaktari wa kupasua walikuwa wa kutafutwa. Hospitali ya wilaya na hospitali ya misheni, ambazo kila moja ilikuwa na mambo yake, zilikuwa zimekubaliana kufanya kazi pamoja: sisi wa zahanati tumtambue mapema mama atakayepata shida, wilaya itoe gari, misheni wapasue. Mwanamke mfupi mara nyingi huwa na nyonga nyembamba, yaani mfupa anamopita mtoto ni finyu. Mtoto akikwama hapo tunaita uchungu pingamizi, na zahanati haina dawa yake. Kwa hiyo mwenye mimba ya kwanza alisimama mlangoni, na utosi ukiwa chini ya mstari nilimwandikia barua ya rufaa akangoje hospitali mwezi mmoja kabla ya kujifungua.

Mimi ni Mmwera wa Rondo, na kwetu walisema nilizaliwa nimekunja uso. Nilikuwa mkali. Kliniki ilijaa, maana watu walikuwa wanahamishwa kutoka mashambani kwao kuja kijiji cha ujamaa, na niliwapanga akina mama mstarini kama jeshi. Wanaume waliosubiri sindano walikaa kwenye benchi pale pale mbele, wakitazama. Sikuona ubaya wowote. Miezi ya mwanzo niliandika barua kadhaa, kisha ghafla wafupi wakaisha. Mganga Mkuu wa Wilaya alipokuja kukagua daftari alitikisa kichwa kwa furaha.

"Wanawake wa Kiranjeranje ni warefu kuliko askari wangu," alisema.

Nami nikajiona nimeleta maendeleo hadi kwenye mifupa ya watu.

Ndipo alipokuja Somoe. Alikuwa binti mpole, mimba yake ya kwanza, amejifunika ushungi vizuri hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, akaupita mstari, nikaandika kwamba atazalia zahanati. Uchungu ulimshika alfajiri moja ya msimu wa korosho. Kufika adhuhuri mtoto hakuwa amesogea hata kidogo, na mimi nilikuwa nimemaliza kila nilichofundishwa. Mganga wa zahanati alikuwa anazunguka chumba tu. Mama mkwe wa Somoe akaenda kumwita Bi Mpili.

Bi Mpili alikuwa kungwi, yule mama anayewafunda wasichana katika unyago na kuwasimamia hadi wanapozaa. Nilikuwa nimempiga marufuku kuingia chumba cha kuzalia. Siku ile niliinuka nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba bila kunitazama. Alimwangalia Somoe, akamshika mkono, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, huyu hujampima. Umepima kata."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwali. Wanawake walikuwa wanazungusha kitambaa cha kaniki, kata ile ile ya kubebea ndoo ya maji, wanaiweka utosini chini ya ushungi. Anayekutwa chini ya mstari mbele ya benchi la wanaume hurudi nyumbani ameshapewa jina: mke wa kisu, yaani asiyeweza kuzaa bila kupasuliwa. Mume anaanza kusikia maneno ya ndugu zake kabla mtoto hajazaliwa. Bi Mpili akaweka vidole vitatu kwenye ukuta, akanionyesha Somoe alivyopungua chini ya mstari. Kijiji kizima cha wanawake kilijua, isipokuwa mimi niliyekuwa na daftari.

Nilitoka mbio. Kwenye ghala la ushirika palikuwa na lori linapakia korosho, na dereva alipoona uso wangu akaanza kushusha magunia bila kuulizwa. Tulimlaza Somoe juu ya godoro, Bi Mpili kichwani, mimi miguuni. Misheni walimpasua jioni ile. Yeye alipona. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameshafariki. Nililia mbele ya watu, na sijutii.

Mganga Mkuu wa Wilaya aliposikia, dawa yake ilikuwa amri: kila mwanamke avue ushungi mlangoni. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia hapana. Nilimwomba mstari ufutwe na kipimo apewe Bi Mpili.

"Unataka kumpa kungwi kazi ya serikali?" aliuliza.

"Kazi ilikuwa yake, mzee. Sisi ndio tumeingia katikati."

 Mwisho alisema nijaribu, na likiharibika jina litakaloandikwa ni langu. Nikakubali hapo hapo.

Bi Mpili naye hakukubali kirahisi. Alitaka fimbo ya kupimia, yenye urefu wa mstari ule, aichonge mwenyewe, apime ndani, mlango umefungwa, na kungwi amsindikize mama hadi hospitali na kukaa naye kitandani. Sista mkuu wa misheni aligoma kabisa kuingiza watu wa unyago wodini. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilimchukua Somoe, ambaye alikuwa na mimba tena na safari hii alikwenda mapema, ushungi begani. Sista alimsikiliza, akatoa kiti kimoja cha kungwi. Kutoka kiti kile ushirikiano wetu ukawa ushirikiano kweli, na Somoe akarudi nyumbani na binti anayelia kwa sauti ya kukera.

Nilipohamishiwa Likawage nilikwenda na fimbo. Kule palikuwa na makungwi watatu, kila mmoja amehamia na watu wake, hawasalimiani. Ilinichukua mwaka mzima kuwaketisha mkeka mmoja, na bado walichonga fimbo tatu. Nikawaachia, urefu ulikuwa ule ule. Baadaye nikapelekwa kwetu Rondo, na huko nilikuta fimbo imeshatangulia, imeletwa na kungwi aliyeolewa huko akitokea Kiranjeranje.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Somoe alisafiri hadi Rondo. Bi Mpili alikuwa ameshatutoka na fimbo yake ilikuwa mikononi mwa Somoe, kungwi sasa, mwenye mvi. Hotuba zilipokwisha alinivuta pembeni, akafungua ncha ya kanga, akaniwekea mkononi kata ya kaniki.

"Hii ndiyo niliyovaa siku ile, dada. Nilitaka nirudi kwa mume wangu na heshima yangu."

Nilimwuliza kitu kilichonikaa moyoni miaka yote ile: kama ningemwuliza, angeniambia?

"Ungeniuliza tukiwa wawili," alisema, "ningekuambia."

Ninaandika haya na kata ile iko mezani. Kaniki imefifia na nyuzi zinatoka, lakini nikiibonyeza bado inajaza vidole vitatu.