Feri ya Saa Tatu

Alhamisi, siku tuliyoondoka Doha, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, mkishuka kwa ndege mkodi gari, mje pole pole mpaka kwa feri. Feri ya mwisho Ijumaa ni saa tatu. Mkiikosa, mmekosa harusi." Niliusikiliza nikiwa jikoni kwetu Al Mansoura nikigeuza chapati za safari, nikaridhika. Tungetua Ijumaa asubuhi, tukawa na mchana mzima na jioni juu yake.

Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika kanisa dogo ng'ambo ya mkono wa bahari, kaskazini mwa Norwei, ambako alikwenda kusoma akapata kazi na mchumba. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na mimi ndiye niliyemlea. Aliniomba kitu kimoja tu: nimshike mkono nimwingize kanisani. Mahafali yake ya chuo niliyakosa, kwa sababu wadi ilipungukiwa wauguzi nikanyimwa likizo. Siku hiyo aliniambia, "Usijisumbue, dada." Maneno hayo yalinikaa kooni miaka. Safari hii niliapa nitafika hata kwa kutambaa.

Hatukuwa na pesa za kuchezea. Mume wangu anaendesha basi la shule huko Al Wukair, na mshahara wa muuguzi mnaujua. Tulikodi gari dogo kuliko yote, tukavaa makoti ya kuazima kwa Wakenya wenzetu wa Abu Hamour, na chakula tulibeba wenyewe: chapati, ndengu, mayai ya kuchemsha na tende. Koti langu lilikuwa la mtu mrefu. Mume wangu akasema nimekuwa hema, nami nikamwambia ashike usukani, mambo ya hema aniachie.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa theluji, milima myeupe, hata nyaya za umeme zilikuwa nyeupe. Jua lilichungulia nyuma ya mlima mnamo saa tano, likaona baridi, likarudi. Mume wangu aliendesha kwa utulivu wake ule unaoniudhi. "Ni kama mchanga tu, mama," alisema, maana vilima vya mchanga kusini mwa Doha ndivyo vilivyomfundisha. "Ukikanyaga breki kwa hasira, imekula kwako."

Mimi ndiye niliyesema tuna wakati. Nilimsimamisha mara tatu nipige picha. Kando ya ziwa lililoganda tulikula ndengu ndani ya gari, kisha nikamwambia alale kidogo. Saa nane na nusu mchana, giza likianza kuingia, tulisimama kwenye kituo cha mafuta kutafuta choo. Mama muuzaji akatuuliza kwa Kiingereza tunakwenda wapi. Nilipomtajia kijiji, alitazama saa ya ukutani. "Feri ya mwisho inaondoka baada ya nusu saa," akasema.

Nikamwambia amekosea, feri ni saa tatu usiku. Akanitolea karatasi ya ratiba. Iliandikwa 15:00.

Hospitalini tunaandika 15:00 kila siku, lakini tukishavuka lango hiyo ni saa tisa, na haijawahi kuwa kitu kingine. Nilikimbilia gari. "Kanyaga!" nikamwambia mume wangu. Akasema haraka haraka haina baraka. "Baraka tutazikuta kwa feri!" nikafoka.

Tulifika gatini saa tisa na dakika kumi. Taa za feri zilikuwa katikati ya maji. Nilimpigia mdogo wangu simu hata salamu nisimpe.

"Ulisema saa tatu!"

"Eeh, saa tatu. Kwani mko wapi?"

"Hiyo ni saa tisa! Tangu lini mchana huu ukaitwa saa tatu?"

"Huku tunasema tatu," akajibu kwa sauti ndogo.

"Huku wapi? Si ulikuwa unaongea na mimi?"

Nikamsikia akilia. Alisema hana wa kuzungumza naye Kiswahili, siku hizi hata kuhesabu anahesabu kwa lugha yao. Hasira ikaniisha pale pale, nikabaki na aibu. Feri ya kesho yake ilikuwa inavuka adhuhuri, ndoa ikiwa imeshafungwa. "Usijisumbue, dada," akasema, akakata simu.

Nilimwendea mfanyakazi wa gati. Nikamuuliza kama kuna njia ya kuzunguka. Iko, akasema, lakini ni ndefu na inapanda mlimani, na huko juu magari hayaachiwi kupita peke yake; yanapangwa msururu nyuma ya gari la kusukuma theluji. Upepo ukizidi, wanafunga kabisa.

"Mama," mume wangu akaanza, "hii barafu si mchezo. Tulale hapa, kesho tutaeleza."

"Nimeeleza vya kutosha maishani. Twende, ama nipe ufunguo."

Akaniangalia, akawasha gari.

Kwenye kizuizi cha mlimani, ofisa mmoja aliuliza kama tuna nguo za kutosha tukikwama. Nikamwonyesha makoti na leso zangu mbili za kujifunga. Alicheka, akatupa blanketi, akatupanga nyuma ya lori. Kwa karibu saa nzima hatukuona kitu isipokuwa taa mbili nyekundu mbele yetu, upepo ukilitikisa gari kama unataka kulifungua. Niliogopa, sisemi uongo. Niliomba kwa sauti, na mume wangu, ambaye husinzia kanisani, aliitikia kila amina.

Tulifika nyumbani kwao saa mbili na nusu usiku. Mlango haukuwa umefungwa, nikaingia na theluji yangu. Sebuleni mdogo wangu alikuwa amevaa gauni la harusi, ameshikana mkono na mama mmoja mwenye mvi, wakitembea pole pole kutoka dirishani hadi mezani. Walikuwa wakifanya mazoezi ya kuingia kanisani.

Aliponiona aliuachia ule mkono. "Dada... nilijua hutafika," akasema, machozi yakimtoka. "Mama mkwe nilimwomba tangu mwezi jana."

Tangu mwezi jana. Kabla ya feri, kabla ya saa yoyote ile. Iliniuma, kwa kuwa alikuwa na haki. Nilivua lile koti la watu, nikalitupa kitini, nikaenda nikamshika mkono.

"Mwambie mama namshukuru," nikasema. "Sasa akae kitako. Mwenyewe nimefika."