Ubingwa Wangu wa Musoma, Bunda na Butiama

Ndugu, jamaa na marafiki, pamoja na ninyi mnaonifuata humu kwa ajili ya picha za samaki tu: ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba Jumapili iliyopita nimetwaa ubingwa wa gemu ya mpira wa Musoma, Bunda na Butiama. Kamati ya pongezi ikutane haraka. Suti ninayo, ila vifungo havifiki.

Mpinzani wangu hakutokea. Tulimzika Alhamisi.

Magesa, jamani. Yule mwenye banda la gemu pale Musoma. Kichwa changu kinakataa kabisa. Jana simu imeita nikajua ni yeye anataka kunitania.

Tulijuana siku ya mvua. Nimeingia pale kujikinga, na tai yangu ya ofisini. Akaniangalia juu mpaka chini. "Afisa, karibu ukae ufungwe."

Nikakaa. Nikafungwa.

Kwa msiojua banda la gemu: ni TV, mashine, benchi, pedi mbili za kuchezea, na watu kibao nyuma yako wanaojua kuliko wewe. Anayefungwa anapisha. Hiyo ni kila banda.

Kwa Magesa kulikuwaga na nyongeza. Kabla hujanyanyuka unampa pedi anayefuata, kwa mkono wa kulia, unataja jina lako na kwenu. Hutaji, hurudi kwenye foleni. "Hapa siyo stendi," alisemaga. "Hapa watu wanajuana."

Ndiyo maana nusu ya mji wananijua. Nimetaja jina langu pale kuliko kwenye usaili wote wa kazi niliofanya maishani.

Siku moja kaingia mama wa Bukima anasubiri gari, beseni lake la samaki wadogo wa furu kaliweka chini ya benchi. Pedi hajawahi kushika. Anabonyeza kama anaparua magamba. Goli! Banda zima likalipuka, na Magesa juu ya sauti zote: "Afisa, pisha! Taja jina, mama asikie!"

Nikataja. Mpaka leo yule mama akiniona sokoni anauliza, "Baba, mpira umeshajua?"

Alikuwaga na mabanda matatu: la Musoma, la Nyasura kule Bunda, na la nyumbani kwao Butiama. TV ya Butiama aliipakata mwenyewe nyuma ya bodaboda, kaifunga blanketi kama mtoto mwenye homa.

Kila Krismasi mabingwa wa mabanda matatu walikutana Musoma kugombea samaki mmoja mkubwa, sato. Mimi nilikuwa mgeni rasmi miaka yote, maana kama mchezaji sikufika popote.

Halafu simu zenye gemu zikaingia. Nyasura likawa saluni. Butiama likawa stoo ya mahindi. La Musoma akawa analifungua asubuhi, anapangusa benchi, anakaa.

Nilimwambia, bhana Magesa, tukubali. Vijana siku hizi wanacheza wamelala kitandani, na mtu wa Brazil.

"Huyo wa Brazil akifungwa anampisha nani?"

"Hampishi mtu. Anazima."

"Na huyu wetu akiumwa, wa Brazil atamletea uji?"

Nikacheka. Wateja wa kumletea sikuwa nao.

Presha ilimwangusha asubuhi, nyumbani kwake Bweri, anapiga mswaki. Hospitali tulifika naye. Kurudi tulirudi bila yeye.

Msibani Butiama niliwakuta vijana wawili kwenye viti vya plastiki, mabega yanagusana, kila mtu na simu yake. Nikachungulia. Gemu ile ile ya mpira, wote wawili, na kila mmoja anacheza na mtu wa mbali huko.

"Si mcheze ninyi kwa ninyi?"

Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Hatujuani, mzee."

Aisee. Nilienda nikasimama nyuma ya turubai kidogo.

Sasa niwaambie ukweli wa huo ubingwa wangu.

Mjane wake, mama Rhoda, aliniambia tukitoka makaburini: "Shemeji, ita watu Jumapili. Wakija, banda nitaliendesha mwenyewe. Wasipokuja, Jumatatu narudisha ufunguo kwa mwenye nyumba."

Nikaandika kwenye grupu letu la banda: Jumapili saa nane, baada ya ibada, tumchezee Magesa. Na hayo ya ufunguo nikayaandika, msije mkasema hamkujua.

Ninyi wa grupu mlijibu vizuri sana. Mikono ya sala, mioyo, "tupo pamoja mzee". Siwalaumu. Na mimi msiba ungekuwa wa mbali ningetuma mkono wa sala nikageukia upande wa pili.

Jumapili nikafungua banda. Nikapangusa benchi. Mama Rhoda akaja na birika la chai ya watu wengi na vikombe vya kuazima, akakaa mlangoni anaangalia barabara. Tulisubiri mpaka chai ikapoa.

Basi nikawasha. Nikachagua timu yangu, nikamchagulia na yeye ya kwake. Pedi yake nikailaza upande wake wa benchi. Wachezaji wake wakawa wanazurura tu uwanjani, na bado nilikosa magoli ya wazi, mpaka mama Rhoda akacheka pale mlangoni. Mwishoni mwishoni nikapata. Moja bila. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza namfunga.

Anayefungwa anapisha.

Nikaichukua pedi yake kwa mkono wa kulia, nikageuka nimpe anayefuata. Nyuma ya benchi ulikuwepo ukuta. Nikataja kwa niaba yake, kwa sauti, kama alivyotaka: "Magesa, wa Butiama."

Mama Rhoda akazima TV. Jumatatu ufunguo ulirudi.

Lala, ndugu yangu. Umepisha kwa heshima, jina limetajwa. Ila kwenye foleni hakukuwa na mtu.