Samli ya Mama Mkwe

Nisitirini jamani, bado siwezi kumtazama mama mkwe wangu usoni.

Pua ya mbwa wetu, Bosi, ilikauka kwa vumbi la Katoro hadi ikapasuka. Dirishani nikakuta kikopo cha samli, nikadhani hakina mwenyewe. Kila asubuhi nikawa nachovya kidole, nampaka puani, nachovya tena kidole kilekile. Pua ikalainika. Nikajiona daktari wa mifugo.

Jumapili, tukiwa na wageni uani, mama mkwe, aliyekuwa kwetu siku zote hizo akitutembelea kutoka Kishapu, akatoa kikopo kilekile na kujipaka midomoni. Bosi akaja mbio, akaketi mbele yake, akainua pua, akafumba macho.

"Baba Neema," mama mkwe akauliza polepole, "mbona huyu mbwa kama anasubiri zamu yake?"