Springi za Gari Langu

Leo nimemsafishia jina fundi niliyemwacha aitwe mwizi mwezi mzima.

Mkwe wangu alinunua gari langu la kifahari. Halikuwa limetembea sana, lakini springi zilikuwa zimelegea. Akamgeukia Ouma, fundi wetu hapa Buruburu aliyekuwa amelikagua: "Umeng'oa nzuri, ukaniwekea kuukuu."

Siku zangu zimebaki chache. Nikawaita wote wawili kando ya kitanda.

Nikakiri. Sikuwa na pesa za petroli. Gari lilikaa getini ili majirani walione, na ndani nilihifadhi magunia ya mahindi kutoka shambani. Miaka tisa springi zilibeba uzito huo.

Ouma akatabasamu. "Mzee, punje nilizikuta chini ya kiti."

"Na ukanyamaza?" mkwe akauliza.

"Ningemwaibisha baba mkwe wako?"

Mkwe akamwomba msamaha. Mimi bado sijajua nianzie wapi kumwomba.

Nyinyi mngeanzaje?